Kadi ya nol Dubai: maswali ambayo wageni wetu huuliza kila mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wa nyumbani wanaotua Dubai kila wiki: wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata mzigo Deira, vijana waliopata kazi za ulinzi, usafi na hoteli, na wazazi wanaokuja kuona watoto wao. Karibu wote hupoteza pesa mahali pale pale, siku zile zile za mwanzo. Nauli zote zilizotajwa ni za dirhamu, daraja la kawaida, isipokuwa pale iliposemwa vingine.

## Mwanzo kabisa

Nol ni nini?

Ni kadi ya plastiki yenye chipu ndani. Unaiwekea pesa kwanza, kisha unaigusisha kwenye mashine unapoingia na unapotoka, nayo inakatwa nauli. Inatumika kwenye metro, mabasi ya jiji, tramu na hata teksi. Aliyezoea N-Card ya kivuko cha Kigamboni ameshaelewa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kule kugusisha wakati wa kutoka, na ndiko wengi wanakoumia.

Neno lenyewe si geni kwako. Nol ni Kiarabu, maana yake nauli, na nauli yetu imetoka kwenye neno hilo hilo. Kadi ilianza pamoja na metro tarehe 9 Septemba 2009, na inasimamiwa na RTA, mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai.

Siwezi kulipa taslimu tu?

Kwenye metro na mabasi, hapana. Dereva wa basi hapokei pesa, konda hayupo na chenji haipo. Ukipanda bila kadi halali, mkaguzi akikukuta ni faini ya dirhamu 200. Taslimu utaitumia kununua kadi na kuongeza salio. Pia weka sarafu kwa ajili ya abra, zile boti za mbao zinazovusha watu pale Khor Dubai, mkono wa bahari ulio kati ya Deira na Bur Dubai, ambazo nauli yake ni dirhamu 1.

Ninunue kadi ipi?

Ziko nne. Kwa mgeni, jibu karibu siku zote ni silva.

Kadi ya silva inauzwa dirhamu 25, na ndani yake mna salio la 19. Yaani kadi yenyewe umeilipia 6 tu. Inadumu miaka 5, haihitaji picha wala kitambulisho, na inapanda vyombo vyote.

Tiketi nyekundu ni ya karatasi, dirhamu 2 pamoja na nauli ya safari uliyoitaja wakati wa kununua. Inaonekana rahisi, ndiyo maana watu huikimbilia. Lakini nauli yake iko juu: 4, 6 au 8.5, wakati mwenye silva analipa 3, 5 au 7.5. Tena inafanya kazi kwenye aina moja tu ya usafiri. Uliyoipakia metro haipandi basi. Inabeba safari zisizozidi 10 na inaisha baada ya siku 90. Ukikaa Dubai siku mbili na ukapanda metro mara kadhaa, faida unayodhani umeipata imeshayeyuka.

Kadi ya dhahabu nayo ni 25 na salio la 19, ila nauli yake ni mara mbili: 6, 10 au 15. Inakuruhusu kukaa behewa la daraja la juu. Kuna jambo la kuangalia hapa, limeelezwa kwenye swali la behewa la dhahabu huko chini.

Kadi ya buluu ina jina na picha yako. Ni dirhamu 70, salio la 20 likiwa ndani. Inamfaa mkazi, hasa mwanafunzi au mzee, kwa kuwa ndiyo inayobeba punguzo la nusu nauli. Watu wenye ulemavu husafiri bure kwa kadi hiyo. Mtu wa wiki moja haihitaji.

Inauzwa wapi?

Kwenye dirisha la tiketi la kituo chochote cha metro, vituo vikubwa vya mabasi, na baadhi ya maduka makubwa kama Carrefour. Mashine zilizo vituoni zinaongeza salio na kutoa tiketi nyekundu. Ukitua Terminal 1 au Terminal 3, kituo cha metro kiko hapo hapo uwanjani. Terminal 2 haina metro, kwa hiyo angalia tiketi yako ya ndege mapema, maana wengine hushuka hapo na kuanza kuzunguka na masanduku wakitafuta treni isiyokuwepo.

Nimetua saa nane usiku. Metro ipo?

Haipo. Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi, metro inaanza saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Ijumaa inaongezwa hadi saa 7 usiku. Jumapili inachelewa kuanza, saa 2 asubuhi. Kumbuka Dubai iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. Simu ambayo haijabadilisha saa imewakosesha wengi treni ya mwisho. Kwa saa hiyo yako ya usiku, chukua teksi ya serikali yenye mita.

## Nauli inavyohesabiwa

Nauli inakatwa kwa umbali au kwa kituo?

Kwa kanda. Jiji limegawanywa katika kanda 7, na ramani yake imebandikwa kila kituo. Ukianza na kumaliza ndani ya kanda moja, unakatwa 3. Ukivuka kwenda kanda jirani, 5. Ukipita zaidi ya kanda mbili, 7.5, na hapo ndipo mwisho: hata ukienda mbali vipi, safari moja ya mjini haizidi hapo.

Mifano ambayo watu wetu wanaitumia sana: kutoka uwanja wa ndege hadi Union, Deira, ni 3 kwa sababu vyote viko kanda ya 5. Uwanja wa ndege hadi Burj Khalifa/Dubai Mall ni 5. Uwanja wa ndege hadi Mall of the Emirates ni 7.5.

Mpaka wa kanda hauangalii urefu wa safari. Union na BurJuman ni vituo vinavyofuatana, treni inapita chini ya maji ya Khor na kuibukia upande wa pili kwa dakika chache. Unakatwa 5, kwa kuwa umetoka kanda ya 5 ukaingia ya 6. Abra inavuka maji hayo hayo kwa dirhamu 1. Mtu anayelala Deira na kununua vitambaa Bur Dubai, akivuka kwa abra asubuhi na jioni, anaokoa dirhamu 8 kwa siku. Mimi huwapeleka wageni wangu huko siku ya kwanza. Upepo wa Khor ukiwapiga usoni, mtu wa Lamu au Unguja anatulia mwenyewe.

Kwa nini nigusishe tena wakati wa kutoka?

Kwa sababu kadi haijui wewe uko wapi. Haijui umekaa behewa gani wala umeshuka kituo gani. Inajua mambo mawili tu: ulipoigusisha kuingia na ulipoigusisha kutoka. Nauli inapatikana kwa kulinganisha hayo mawili. Usipotoa la pili, mfumo unachukulia umesafiri hadi mwisho na unakukata nauli ya juu kabisa.

Kwenye metro huwezi kusahau, maana milango ya kioo haifunguki bila kadi. Balaa liko kwenye basi. Unapanda kwa mlango wa mbele, unagusisha. Unashuka kwa mlango wa kati huku watu wanakusukuma, mkono mmoja una mfuko wa mboga, kadi iko mfukoni kwa ndani. Mashine ipo hapo kwenye nguzo, imekutazama. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nachukua basi la vituo vinne tu, kanda moja, nikijua nalipa 3. Salio likawa linaisha kabla ya Jumatano. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, nikaona 7.5, 7.5, 7.5, siku baada ya siku. Hakuna aliyeniibia, nilikuwa nashuka bila kugusisha. Tangu hapo kadi yangu natembea nayo mkononi kuanzia kituo kimoja kabla ya kushuka, na wageni wangu nawafundisha hivyo hivyo.

Na tramu?

Tramu, iliyoanza Novemba 2014 upande wa Marina, haina mageti. Unaingia jukwaani bila kuzuiwa na mtu, ndiyo maana wageni hudhani ni bure. Mashine za kugusisha zimesimama jukwaani: gusisha kabla ya kupanda, na gusisha tena ukishuka. Faini ni ile ile ya 200.

Nikibadilisha kutoka basi kwenda metro, nalipa mara mbili?

Sivyo, ukiwahi. Ukigusisha kutoka basi, una dakika 30 za kugusisha kuingia chombo kinachofuata, na mfumo utahesabu yote kuwa safari moja. Unaweza kubadilisha hadi mara 3, mradi safari nzima isizidi dakika 180. Basi la kanda moja likifuatiwa na metro ya kanda hiyo hiyo linabaki 3, si 6.

Ni lazima uwe umegusisha kutoka kwenye basi. Usipofanya hivyo, umepoteza mara mbili: umekatwa nauli ya juu na umekosa muunganiko. Vile vile, ukisimama kunywa chai karaki kwa dakika 40 katikati ya safari, inayofuata ni safari mpya.

Je, kuna bei ya siku nzima au mwezi?

Zipo. Pasi ya siku ni dirhamu 20 kwa kanda zote. Inakufaa kuanzia safari tatu za mbali, kwa kuwa tatu za 7.5 ni 22.5. Ukizunguka Deira peke yake, usiinunue. Utahitaji safari saba za dirhamu 3 ndipo ifidie.

Kwa mfanyakazi, pasi ya siku 30 ni 140 kwa kanda moja, 230 kwa mbili, na 350 kwa zote. Piga hesabu kabla. Anayekwenda kazini kanda ile ile na kurudi, siku 26 kwa mwezi, anatumia 156 kwa nauli ya kawaida. Pasi inamwokolea 16. Akikosa kazi siku tatu, faida imekwisha. Lakini anayepita kanda tatu kila siku anatumia 390, hivyo pasi ya 350 inamsaidia kweli, na siku ya mapumziko anatembea bila kulipa zaidi.

## Salio

Niweke kiasi gani?

Usishuke chini ya 15, yaani kwenda na kurudi kwa nauli ya juu. Ukiwa na pungufu ya kile mfumo unachotaka, geti halifunguki hata kama safari yako ni ya 3. Wageni hukasirika hapa: "Lakini nina dirhamu 5, na naenda kituo cha jirani!" Geti halina njia ya kujua unakwenda jirani. Ni kile kile tulichosema kwenye swali la kugusisha wakati wa kutoka.

Kuanzia 2024 kiwango cha chini cha kuongeza salio kilipandishwa. Kilikuwa 5, kikawa 20, na kwenye madirisha ya tiketi vituoni kikawa 50. Mwenye noti ya 20 aende kwenye mashine.

Nimeongeza salio kwa simu, lakini geti linasema sina pesa.

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na mara nyingi pesa haijapotea. Kadi ya kizamani inabeba salio lake ndani ya chipu yenyewe. Pesa uliyolipa mtandaoni imefika kwenye mfumo, ila haijaandikwa kwenye chipu. Inasubiri kadi iguse mashine kituoni baada ya muda kidogo. Kwa hiyo usilipie mtandaoni ukiwa mbele ya geti.

Programu ya nol Pay inafanya tofauti. Unaweka kadi nyuma ya simu yenye NFC, yaani inayoweza kusoma kadi kwa kuigusa, na simu inaandika salio papo hapo. Shika kadi bila kuisogeza mpaka ithibitishe. Mwaka 2025 RTA ilikuwa ikihamia mfumo mpya ambamo salio linakaa kwenye akaunti badala ya chipu. Ukiwa na kadi ya zamani, ulizia dirishani kuhusu kuihuisha.

Nitajuaje nimekatwa kiasi gani?

Tazama kioo kidogo cha geti unapotoka. Kinaonyesha kilichokatwa na kilichobaki, ila kwa sekunde chache. Wengi wanapita wakitazama mbele. Jizoeze kutupa jicho hapo, kwa sababu 7.5 mahali ulipotegemea 3 ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna mahali hukugusisha.

## Kuingia, kukaa, kubeba

Tuko watatu. Tunaweza kutumia kadi moja?

Hapana. Kila mtu na kadi yake, na kutumia kadi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine kuna faini ya 200. Watoto chini ya miaka 5, au wenye urefu chini ya sentimita 90, hawalipi.

Behewa la dhahabu likiwa tupu, nikae?

Usikae kwa kadi ya silva. Faini ni 100. Nalo lile la wanawake na watoto, lililowekewa alama za waridi sakafuni, mwanaume akiingia ni 100 vilevile. Vijana wengi hukamatwa siku ya kwanza kwa kufuata mlango uliokuwa karibu. Soma juu ya mlango kabla ya kuingia, hata treni ikiwa imeshafika. Nyingine inakuja baada ya dakika chache.

Na kinyume chake: ukiwa na kadi ya dhahabu ukakaa behewa la kawaida, bado utakatwa bei ya dhahabu. Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu aliuziwa ya dhahabu kwa kuwa bei yake ya kununulia ni sawa na ya silva. Alipanda nayo wiki nzima akiwa amesimama behewa la kawaida.

Naweza kupanda metro na mzigo wangu?

Masanduku mawili: moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na jingine dogo lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Marobota, maboksi ya vyombo na mifuko ya shangazi iliyojaa hadi zipu imeachia havipiti. Mzigo wa biashara mpe wakala wa kago hapo Deira, wewe panda na begi lako.

Nilimkuta mama mmoja geti la Burj Khalifa/Dubai Mall. Amenunua tiketi nyekundu ya kanda moja kule Baniyas Square, ya bei ndogo kabisa, kisha akaja hadi huku. Kila akigusisha, taa nyekundu. Anaipangusa tiketi kwenye kitenge, anagusisha tena. Nyuma yake foleni inakua. Tiketi haikuwa mbovu; alikuwa amevuka kanda. Dirishani alilipa tofauti, akatoka. Ikikutokea, usilazimishe geti na usipite nyuma ya mtu mwingine. Nenda dirishani, sema ulikoanzia.

Kula na kunywa?

Faini 100, na bigijii imo. Hata maji, subiri ushuke.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Nimepoteza kadi.

Kama ni ya buluu, toa taarifa; salio lako linalindwa na utapewa nyingine. Silva isiyosajiliwa ni kama noti iliyodondoka: aliyeiokota ndiye mwenye nayo. Kwa sababu hiyo usiijaze dirhamu mia tatu kwa mpigo. Weka ya wiki, na ukiweza isajili kwenye nol Pay.

Nol inafanya kazi Abu Dhabi au Sharjah?

Basi linalokupeleka huko kutoka Dubai unapanda kwa nol. Basi namba E100, kutoka kituo cha Al Ghubaiba hadi Abu Dhabi, ni dirhamu 25, nje ya hesabu ya kanda. Ila ukishafika, mabasi ya ndani ya Abu Dhabi yanataka kadi ya Hafilat, na Sharjah wana Sayer. Hakikisha salio la kurudi liko kwenye nol kabla ya kuondoka Dubai.

Kadi ikipitwa na muda?

Silva ni miaka 5 tangu ilipotolewa. Ukiazima ya ndugu aliyekaa huko zamani, ipeleke dirishani kwanza ikaguliwe. Mkaguzi akikuta kadi iliyokwisha muda, ni 200, na kusema "ni ya kaka yangu" hakusaidii.

Nimepigwa faini na nadhani nimeonewa.

Chukua karatasi uliyopewa, usibishane jukwaani. Malalamiko yanapelekwa RTA, na kumbukumbu za kadi yako zinaonyesha ulikogusisha na saa yake. Kama kweli uligusisha, rekodi ipo. Kadi hiyo itunze, usiitupe kwa hasira.

Naondoka kesho na salio limebaki dirhamu 30.

Nol inalipia pia teksi, baadhi ya maduka, maegesho, na kiingilio cha bustani kama Zabeel Park, ambacho ni dirhamu 5. Lakini kama una mpango wa kurudi ndani ya miaka 5, iache na salio lake ndani ya pasipoti. Safari ijayo utatoka nje ya ndege, uiruke foleni ya dirisha la tiketi, na kwenda moja kwa moja getini. Au mpe jirani anayesafiri mwezi ujao, umwelekeze na ile mashine ya mlango wa kati wa basi.